Kufufua Karmann Ghia ukiwa mgeni wa kazi: mwongozo kwa watu wa Lubumbashi

Siwezi tena kusimamisha gari langu mbele ya duka la mkate kule Kamalondo bila mtu kunijia na swali lile lile: "Yaya, babu aliacha gari kama hili uani, nianzie wapi?" Kabla sijajibu, la pili linafuata: "Na nikiweka moteri kubwa, litakimbia?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naandika, ili atakayeuliza nimtumie hii, nami mkate wangu usipoe.

Jibu fupi ni hili: breki, petroli, injini, umeme, bodi, rangi. Kuongeza nguvu ni mwisho kabisa. Karibu wote niliowaona wakishindwa walianza na rangi, au walifungua gari lote siku ya kwanza. Najua nyua mbili hapa mjini ambamo gari limelala vipande vipande kwenye makarai, mwenyewe hajui tena boliti ipi ni ya wapi, na watoto wanachezea taa.

Mfano wangu ni Karmann Ghia kwa sababu ndilo nililo nalo, na kwa sababu linamfaa anayeanza. Lilitoka mwaka 1955. Umbo ni la kampuni ya Ghia ya Turin, Italia. Bodi ikaungwa na Karmann kule Osnabrück, Ujerumani. Na chini yake kuna Volkswagen Coccinelle (Beetle) tupu. Kule Ujerumani walilisimamisha mwaka 1974, lakini Coccinelle iliendelea kutengenezwa Mexico hadi 2003, ndiyo maana vipuri vya injini, breki na klachi bado vinapatikana vipya. Vya bodi ndivyo vya kutafuta kwa tochi. Injini inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji ya kuvuja. Ila usilitarajie makubwa: ya kwanza yalikuwa na nguvu ya farasi 30. Ni gari la michezo kwa sura. Kwenye mwinuko taksibasi ya Kipushi itakupita, na abiria watakupungia mkono.

Kama la kwako ni MGB, Alfa Romeo au Ford Capri, mpangilio wa kazi ni huu huu. Vipimo ndivyo vinavyobadilika, kwa hiyo tafuta kitabu cha gari lako.

Kabla ya kushika spana

- Karatasi. Namba ya chasi imegongwa kwenye mhimili wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Safisha kutu kwa brashi, isome, ilinganishe na carte rose (kadi ya gari). Zisipolingana, usinunue, hata kama mwenye gari ni mjomba wako.
- Mahali penye paa na sakafu ngumu. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo wetu mwekundu unakuwa uji na jeki inazama.
- Jeki moja ya kuaminika na viegemeo vinne vya chuma. Tofali la kuchoma hapana; hupasuka bila kuaga, na wewe uko chini.
- Spana za milimita, 8 hadi 21, pamoja na soketi kubwa za 30 na 36. Angalia vizuri unaponunua, kwani seti nyingine sokoni ni za inchi. Zinaingia kidogo, zinacheza kidogo, kisha zinakula kichwa cha boliti.
- Bomba la chuma la urefu wa mita moja, la kuongezea mpini wa spana.
- Geji ya majani (zile bati nyembamba za kupimia nafasi), multimita ya kupimia umeme, sumaku ndogo, kizima moto cha unga.
- Mifuko midogo ya plastiki, kalamu ya wino usiofutika, na simu yenye nafasi ya picha.
- Mchomeleaji aliyezoea bati nyembamba la magari. Anayechomelea mageti ni fundi mzuri wa mageti.

Kuhusu pesa: andika hesabu yako, kisha tenga theluthi nyingine juu yake na usimwambie mtu nyumbani kwamba ipo. Na kwa wauza vipuri wengi wa hapa, sema Kifaransa cha gereji: plagi ni bougie, klachi ni embrayage, silinda kuu ya breki ni maître-cylindre. Ukitaja kwa Kiswahili cha Dar utaletewa kitu kingine kabisa.

Wengine wanavuka Kasumbalesa kutafuta Coccinelle ya kuchinja kule Zambia. Si wazo baya, ila Zambia wanaendesha kushoto, usukani wao uko kulia. Injini, giaboksi na ngoma za breki zitakufaa. Usukani, pedali na dashibodi achana navyo.

Hatua ya 1: Pima kutu kabla ya kupenda

Kwenye Coccinelle mabawa yanafungwa kwa boliti: likioza, unafungua, unaweka lingine. Kwenye Karmann Ghia bodi yote imechomelewa pamoja, pua, mabawa na yote. Ndiyo maana gari lenye injini iliyokufa ni afadhali mara kumi kuliko lenye injini nzima na pua iliyooza.

Chukua sumaku uipitishe polepole sehemu hizi: puani kuzunguka taa, chini ya milango, nyuma ya magurudumu, na kwenye kona za dirisha la mbele. Pale sumaku inapodondoka hakuna bati, kuna mastiki (ule uji mzito unaokauka, wa kusawazishia bodi). Kisha inua zulia, kanyaga sakafu kwa kisigino. Angalia mahali pa betri, kulia ndani ya chumba cha injini. Asidi imekula bati pale kwenye karibu kila gari.

Jaribio la mwisho ni mlango. Ufungue na uufunge gari likiwa chini, halafu liinue kwa jeki upande huo, urudie. Mlango ukianza kukwama au pengo lake likabadilika, mihimili ya kando chini ya milango imekwisha. Hiyo mihimili ni mitupu ndani, hupitisha hewa moto kwenda mbele, na ndiyo inayolishikilia gari lisijikunje. Bei ishuke sana, au uende zako.

Hatua ya 2: Picha kwanza, boliti baadaye

Kila kitu unachofungua kipige picha tatu: kikiwa mahali pake, kikiwa nusu, kikiwa mkononi. Boliti zake ziingie mfuko mmoja, uandike nje. Usifungue sehemu ya pili kabla ya ya kwanza kurudi mahali pake. Hatua nzima ni hiyo, nayo ndiyo inayorukwa na kila mtu.

Hatua ya 3: Breki

Anza hapa kwa sababu gari lisilowaka halimuui mtu.

Legeza nati kubwa za magurudumu ya nyuma, zile za milimita 36, gari likiwa bado chini, gia ya kwanza imewekwa na mbele pamezuiwa kwa magogo. Ukijaribu likiwa juu ya viegemeo utaliangusha. Mbele kushoto kuna mtego: nati ya kitovu cha gurudumu hilo ina nyuzi za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha upande unaofungia nyingine. Wangapi wamekata nyuzi hapo wakilaumu kutu!

Vumbi la viatu vya breki vya zamani lina asbesto. Usilipulize kwa kompresa. Limwagie maji yenye sabuni, lifute likiwa bichi, tambara litupe.

Badilisha bila kujadiliana: silinda ndogo za magurudumu yote manne, silinda kuu, na mipira ya breki. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku kwa ndani umevimba, tundu limebaki kama la sindano. Ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi. Magari ya zamani zaidi yana mzunguko mmoja tu wa breki: mpira mmoja ukipasuka, pedali inakwenda hadi sakafuni na hakuna kinachobaki. Ukiweza, weka silinda kuu ya mizunguko miwili.

Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, kwenye chupa iliyofungwa na muhuri wake. Nilinunua yangu ya kwanza sokoni, yamemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa bei nzuri. Baada ya siku nne gari likaanza kuwa zito. Siku ya tano, kwenye mzunguko wa barabara, magurudumu yote yakajifunga yenyewe nikiwa katikati, pikipiki zinapiga honi pande zote. Nilipofungua nikakuta mipira yote imevimba kama maharage yaliyolala kwenye maji. Yalikuwa mafuta ya madini. Nilinunua kila kitu upya.

Kutoa hewa: anza nyuma kulia, halafu nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Yaani mbali kabisa na silinda kuu kwanza, karibu mwisho. Mtu mmoja anakanyaga, mmoja anafungua skrubu, na chombo cha mafuta kisiachwe kikauke.

Nati za 36 zinarudi kwa kukaza sana, kama kilo 30 kwenye mkono wa mita moja. Huna spana ya kupimia? Kama una kilo 60, simama juu ya bomba nusu mita kutoka kwenye nati. Hesabu ni ile ile. Tundu la pini lisipolingana, kaza zaidi kidogo. Usirudishe nyuma hata kidogo.

Hatua ya 4: Petroli

Tangi liko mbele. Lishushe, limwage, litazame ndani kwa tochi ya simu. Kutu nyepesi huondoka kwa kokoto ndogo safi na maji ya sabuni, ukilitikisa, ukalisuuza na kulikausha juani siku mbili. Usilipeleke kwa mchomeleaji. Tangi tupu lenye mvuke ni bomu.

Halafu mipira yote ya petroli, kuanzia tangi hadi kabureta, itupwe. Nasema yote. Magari haya yana sifa mbaya ya kuungua, na sababu ni karibu ile ile daima: mpira wenye nguo juu umekauka na kupasuka, petroli inadondokea injini yenye moto. Bloku ya injini ni aloi ya magnesiamu. Ikishika moto, maji yanauzidisha; ndiyo sababu ya kizima moto cha unga, cha kuua moto wa petroli kabla haujaishika bloku, na kikae ndani ya gari, si nyumbani. Chujio la petroli liweke chini ya tangi, mbali na chumba cha injini. Mwisho, shika kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ukivute kwa vidole. Kikichezacheza, kirudishwe na fundi kabla hujawasha.

Petroli ya kadafi, ile ya chupa kando ya barabara, niliacha kuitumia. Mara nyingine ina maji, mara nyingine ina mafuta taa, na kabureta ya zamani haisamehi.

Hatua ya 5: Injini

Gari limelala miaka 20, umeweka betri, mkono uko kwenye ufunguo. Utoe.

a) Fungua plagi zote nne. Mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye kila tundu, ungoje usiku mmoja au mitatu.

b) Fungua mabati ya kupozea juu ya injini, uchungulie ndani ya nyumba ya feni. Kwenye gari langu nilitoa kiota cha panya kilichojaa sandarusi, na juu yake nyigu wa udongo walikuwa wamejenga nyumba tatu ngumu kama saruji, sawasawa juu ya mapezi ya silinda namba 3. Kwenye injini nyingi za kabla ya 1971 silinda hiyo tayari hupata hewa iliyopita kwenye kipozea mafuta, inakuwa moto kuliko wenzake. Ningewasha vile vile, ingeng'ata, yaani pistoni ingekwama, siku ya kwanza.

c) Zungusha injini kwa mkono, soketi ya 30 kwenye puli ya chini. Ikikataa, usiongeze bomba. Ongeza mafuta, ongeza siku.

d) Shika puli hiyo kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma, kuelekea kwako na mbali nawe. Mwendo usizidi kama milimita 0.15, yaani jicho lisiuone kirahisi. Ukisikia "ko, ko", bloku imechoka, na hakuna rangi wala kabureta itakayoiponya. Bora kujua leo.

e) Mwaga mafuta. Injini hii haina chujio la karatasi, ina wavu tu chini. Utoe, uoshe, uweke gasketi mpya. Inaingia lita 2.5, si zaidi. Kwa vumbi letu mimi nabadilisha kila kilomita 3,000.

f) Rekebisha valvu injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi. Nafasi ni milimita 0.15 kwa injini nyingi za 1300 hadi 1600 (sentimita za ujazo). Namba 1 ni kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma, na "mbele" ni mbele ya gari. Anza na namba 1 ikiwa juu kabisa, valvu zote mbili zimefunga, kisha zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa kwa kila silinda inayofuata: 2, 3, 4. Wengi wanapenda valvu zikaze kwa sababu kelele inapungua. Valvu inayopiga kelele kidogo ni nzima. Iliyokaza na kunyamaza inaungua.

g) Nafasi ya platini (zile ncha mbili zinazokata umeme ndani ya distributa) ni milimita 0.4, ya plagi 0.6 hadi 0.7. Waya za plagi zifuate mpangilio wa kuwaka 1-4-3-2.

h) Sasa washa. Dakika za kwanza itatoa moshi mzito wa yale mafuta uliyomimina, majirani watachungulia. Ni kawaida. Taa ya mafuta isipozimika ndani ya sekunde chache, zima wewe.

Hatua ya 6: Umeme

Tambua kwanza kama ni volti 6 au 12. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa 6. Safisha kila mahali waya wa ardhi unapogusa bodi, badilisha fyuzi zote, na usizibe fyuzi kwa karatasi ya sigara. Hitilafu nyingi zinaishia hapo.

Hatua ya 7: Bodi

Gari likisimama na kuondoka lenyewe, sasa ndipo ukate bati.

Mimi nilikata mhimili wa kushoto wote kwa mchana mmoja, gari likiwa juu ya viegemeo viwili mbele na viwili nyuma, milango imetolewa ili isinisumbue. Kazi ilikuwa safi, nikajisifu. Niliporudisha mlango, juu ulikuwa umegusa na chini palipita vidole viwili. Gari lilikuwa limejikunja katikati kama kitabu, tena tayari limechomelewa. Wiki tatu za kukata upya.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomelea fito mbili za chuma kuvuka uwazi wa mlango, moja juu, moja chini, kabla ya kukata chochote. Pima pengo la mlango sehemu sita, uandike ukutani kwa chaki. Kata upande mmoja tu, na vipande vya kama sentimita 30. Chomelea kwa nukta nukta, ukirukaruka, ili bati lisipate joto na kujipinda. Kila baada ya kipande, rudisha mlango uufunge. Ni kazi ya kuchosha, naam. Bati liwe la milimita 1. Nene zaidi haliungani vizuri na la zamani, jembamba zaidi litaoza kabla hujamaliza kulipa.

Mastiki ni ya kusawazisha, si ya kuziba. Tundu lililozibwa kwa mastiki linaendelea kuoza kwa ndani, linatokea tena msimu wa mvua wa pili. Ndani ya mihimili nyunyiza nta au mafuta mazito, na vitundu vya kutolea maji chini ya milango viache wazi. Fundi mmoja aliniziba vyote kwa sababu "vilikuwa vibaya machoni".

Hatua ya 8: Rangi

Wakati mzuri hapa kwetu ni mwishoni mwa Aprili na Mei. Mvua imekwisha, unyevu umepungua, na vumbi la Agosti na Septemba halijainuka. Juni na Julai asubuhi bati ni la baridi mno. Mwagia sakafu maji kabla ya kupuliza, anza mapema kabla ya upepo, na uwe na jenereta ya mkopo pembeni, maana umeme ukikatika katikati ya mlango utapata mlango wa rangi mbili. Kigandishi cha rangi za kisasa kina kemikali zinazodhuru mapafu moja kwa moja. Kitambaa puani hakisaidii, tafuta barakoa yenye vichujio.

Hatua ya 9: Sasa, kuongeza

Endesha miezi mitatu kwanza. Utagundua kwamba nusu ya ulivyotaka hukuvihitaji. Kisha, kwa utaratibu huu:

Matairi mapya, tena radiali. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha gari hili hivyo kwa pesa kidogo.

Breki za diski mbele kama lako ni la ngoma. Fremu ya mbele ni ya Coccinelle, kwa hiyo seti zake zipo. Angalia tu mwaka wa ekseli yako.

Mfumo wa elektroniki ndani ya distributa, badala ya platini. Kifaa ni kidogo kama kibiriti. Platini za zamani zibaki kwenye sanduku la gari. Cha elektroniki kikifa, kimekufa.

Halafu ndiyo injini. Anayeanza achukue ya 1600 ya milango miwili ya hewa kwa kila kichwa, sentimita za ujazo 1,584, basi. Inashikwa na boliti nne tu na hushuka kwa chini. Ila kama gari lako lilikuwa la volti 6, flaiwili ya injini hii (gurudumu zito kati ya injini na giaboksi) ni kubwa zaidi na haitazunguka bila kusaga ndani ya ganda la giaboksi. Uliza kabla ya kulipa. Ukishawishiwa kwenda sentimita za ujazo 1,776 kwa pistoni za milimita 90.5, jua kwamba bloku na vichwa lazima vichongwe kwenye mashine, na joto linaongezeka.

Hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kabureta inanywesha injini kupita kiasi. Plagi zikitoka nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, punguza jeti kuu (kile kijitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) kidogo, kwa mfano kutoka 127.5 hadi 125.

Mambo mawili nakataza. La kwanza, kuondoa chujio la hewa la kuogea mafuta, lile sufuria zito jeusi, na kuweka kile kichujio kidogo cha kung'aa. Lile sufuria ndilo linalojua vumbi la Katanga. La pili, kulishusha gari. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ekseli za nyuma zinazoning'inia kutoka kwenye giaboksi. Kwenye kona kali gurudumu linaweza kujikunja kwa chini, kwa hiyo urefu wake si wa kuchezea ovyo. Tena mashimo yetu unayajua.

Likigoma

Starta inazungusha, haliwaki. Toa waya mmoja wa plagi, uweke plagi ya akiba, iguse bati huku mwenzako akiwasha, mbali na petroli. Cheche hakuna: angalia platini na kondensa. Cheche ipo: angalia kama petroli inafika kwenye kabureta.

Linazimika likipata moto, linawaka likipoa. Mara nyingi ni koili au kondensa. Kama ni mchana wa Oktoba foleni, angalia pia bomba la petroli limepita karibu mno na chuma cha moto.

Pedali ya breki inashuka, ukipampu inapanda. Kabla ya kutoa hewa tena, rekebisha viatu. Magari haya hayajirekebishi yenyewe. Kaza gia ndogo kupitia tundu lake, kwenye ngoma au kwenye bamba la nyuma ya ngoma, mpaka gurudumu lisugue, kisha rudisha kidogo. Pedali inayoshuka polepole ukiwa umeikanyaga bila kuachia ni silinda kuu.

Joto jingi. Fuata mpangilio: mkanda wa feni, mpira unaoziba pembezoni mwa chumba cha injini (ukikosekana injini inavuta hewa yake yenyewe ya moto), valvu, majira ya cheche.

Harufu ya petroli ndani. Simama, shuka, fungua hapo hapo. Usiseme "nitaangalia nikifika".

Gia ya nyuma haipatikani. Kuna kijipete cha plastiki kinachoshikilia fimbo ya gia ndani ya mhimili wa kati, kimevunjika. Kipuri ni cha bei ndogo, kukifikia ni jioni nzima na matusi kadhaa.

Taa ya chaji imewaka njiani. Kwenye magari mengine ungejikongoja hadi nyumbani. Hapa mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni. Umekatika, injini haipozwi, na una dakika chache tu. Zima mara moja. Mkanda wa akiba na spana ya 21 vikae chini ya kiti. Ulegevu wake hurekebishwa kwa kuhamisha vishata (washa nyembamba) kati ya nusu mbili za puli, na ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama sentimita moja na nusu. Wangu ulikatika njia ya Likasi, saa nane mchana. Dakika 25 baadaye nilikuwa naendelea, mikono myeusi hadi viwiko.